Gobore la Usukani

Mtutu huu ulikuwa usukani wa lori.
Lori lilibeba mawe ya shaba hadi likafia njia ya Likasi;
mzee Kapya, mhunzi wa Katuba, akalikata shingo,
akapasha, akanyoosha, akachungulia jua tunduni,
akasema: "Umenyooka. Sasa wewe ndiye wa kupinda."
Nilimlipa mbuzi na nusu gunia la makala.
Nusu nyingine ananidai. Amekufa, kwa hiyo namwogopa zaidi.

Kitako ni mninga, nilichonga mwenyewe,
na bado kinanipiga bega kama mkwe mwenye deni.

Wakili Nkulu amenunua bunduki ngeni.
Ina darubini, ina mkanda wa ngozi, ina risasi tano tumboni.
Alinionyesha barazani kwake, huko Golf,
Lubumbashi ya watu wenye mageti.
Suruali yake ina rangi za majani ambayo hayaoti Katanga.
"Mita mia tatu," akasema, "mnyama hajui kilichomuua."
Nikanywa bia yake, nikanyamaza.
Moyoni: mimi nataka ajue.
Nataka hatua ishirini, nisikie anavyotafuna,
nione kupe sikioni mwake,
ndipo nijiulize kama nina njaa kweli.

Mwenye risasi tano hufikiri baadaye.
Mwenye moja hufikiri kwanza:
baruti vipimo viwili, si vitatu
(cha tatu kilikula kidole changu, mwaka ule wa Kafubu),
nyuzi za katani, shindilia mpaka mdeki uruke,
vipande vya nondo, nyuzi tena,
fataki mwisho, kama chumvi.

Na majivu. Watu husahau majivu.
Soksi ya mtoto, majivu laini yaliyochekechwa,
unaitikisa kidogo: vumbi linakwenda wapi?
Likikurudia usoni, songa.
Likimwendea mnyama, rudi nyumbani, huna kazi.

Mitego ya waya siiweki.
Waya haulali, hauchagui, hauna bega la kuuma.
Niliwahi kumkuta funo tanzini, siku ya nne.
Sitasema zaidi.
Nilikunja waya wote, nikamuuzia fundi wa baiskeli.

Baba alikataza masika:
"Majike yana wageni tumboni. Funga bunduki, shika jembe."
Lakini ada ya shule haijui majira,
na Ngosa alikuwa amekwisha kuuza kitenge cha pili.
Basi Januari, kilomita sitini barabara ya Kasenga,
kisha kushoto, kupita matanuri ya makala,
kupita visiki, visiki, visiki,
hadi pale miombo bado inajikumbuka,
nikakaa nyuma ya kichuguu, magoti topeni.

Pongo jike. Hatua kumi na nane, nilihesabu.
Majivu yalinirudia. Kila kitu kilinirudia.
Nikavuta.

Tik.

Fataki ilikuwa imelala na unyevu wiki nzima,
nami nilijua, nadhani nilijua.
Aliinua kichwa. Maji yakadondoka kidevuni mwake.
Alinitazama kama karani anavyomtazama
mtu aliyekuja bila stakabadhi,
kisha akaondoka bila haraka, tumbo likiyumba.

Nikacheka peke yangu. Kicheko kibaya, cha mtu mwenye njaa.

Mvua ileile iliyoua fataki
ilikuwa imeotesha uyoga chini ya miti, mpana kama sahani.
Nikavua shati, nikalijaza.
Kando ya barabara ulinunuliwa wote kabla ya giza,
na mmoja wa wanunuzi alikuwa dereva wa Wakili Nkulu.
"Leo umewinda nini?" akauliza, akilichungulia gobore.
Nikamwambia: hiki hakikimbii,
lakini ukikosea kukilenga, ni chenyewe kinachokuua.

Gobore nimelitundika juu ya mlango wa jikoni.
Fataki mpya ninazo, kavu, ndani ya kopo la maziwa.
Juni si mbali.